Kanisa lapima urefu wa sketi, bei haliiulizi

Si jambo geni, katika baadhi ya makanisa ya mijini, kumkuta mhudumu mlangoni akiwa na kanga mbili tatu begani. Akipita dada mwenye sketi iliyoishia juu ya goti, au gauni lenye mpasuo mrefu, anavutwa kando na kufungwa kanga kiunoni. Nyuma yake anaingia kijana mwenye suruali ya kubana hadi mapaja yamechoreka. Huyo anapewa mkono na kuonyeshwa kiti.

Anayeuliza sababu hujibiwa kwa Maandiko: waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2. Jibu hilo ni sahihi nusu. Aya ya 9 inawataka kweli wanawake wavae kwa staha na kiasi, lakini inapofika kwenye kutaja makosa yenyewe, haigusi goti wala bega. Inataja kusuka nywele, dhahabu, lulu na nguo za gharama. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unazungumzia mambo yaleyale. Aya hiyo ikishikwa neno kwa neno, nusu ya kwaya ingebaki nje kwa sababu ya nywele tu.

Timotheo alikuwa Efeso, mji tajiri wa bandari, ambako lulu shingoni zilitosha kueleza nani ni nani. Yakobo naye, katika sura ya 2 ya waraka wake, anakemea kusanyiko linalompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na mavazi ya kung'aa huku maskini akiambiwa asimame. Na huyo mwenye pete ni mwanamume.

Hoja hiyo ya gharama iliendelea karne nyingi. Tertullian wa Carthage, Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu mapambo ya wanawake yapata mwaka 200. Aliwatwisha wanawake dhambi ya Hawa bila huruma, lakini aliyoyashambulia humo ni pamoja na dhahabu, vito na sufu zilizotiwa rangi. Katika karne ya 18, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alihubiri kwamba fedha inayomwagwa kwenye nguo za kifahari imenyang'anywa maskini.

Mahubiri ya namna hiyo leo ni adimu, na sababu inaonekana kwenye harusi za Tanzania. Kuna sare ya kichen pati, sare ya sendofu na sare ya siku yenyewe. Kila moja ina kitambaa chake, ufundi wake, kilemba na viatu vya kuendana navyo. Mama aliyekopa kikoba ili asiachwe nyuma na wenzake hupita mlangoni bila swali, maana amefunikwa shingo hadi vifundo vya miguu. Mwenzake aliyeshindwa kulipia kitambaa huamua kubaki nyumbani.

Hii haina maana kwamba nyumba ya ibada haistahili utaratibu wa mavazi. Basilika la Mtakatifu Petro kule Vatikani linadai mabega na magoti yafunikwe, na sharti hilo linawahusu wanaume sawasawa na wanawake. Tatizo linaanza pale staha inapogeuzwa kazi ya kukagua miili ya wanawake peke yao. Uganda ilionja hilo mwaka 2014. Sheria dhidi ya ponografia, iliyopigiwa debe na waziri wa maadili Simon Lokodo, padri wa zamani wa Kanisa Katoliki, haikutaja sketi fupi mahali popote. Hata hivyo, ilipotiwa saini, wanawake walishambuliwa na kuvuliwa nguo mitaani. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake muhimu mwaka 2021.

Kanisa linalotaka kuhubiri mavazi lina pa kuanzia. Utaratibu wa mlangoni umhusu pia kijana wa suruali ya kubana, na kamati za harusi ziambiwe wazi kwamba sare isiwe kiingilio. Itangazwe rangi moja tu, kijani au bluu, na kila mwalikwa avae kitenge alichonacho kabatini.