Mkate wa Krismasi: Mwenye mfuko mdogo anunue mapema

MWEZI Oktoba 2024 bei ya siagi katika maduka ya bei nafuu nchini Ujerumani ilifikia euro 2.39 kwa pakiti ya gramu 250, kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kuonekana. Mwaka 2025 bei hiyo ilishuka. Miongoni mwa waliolalamika ni waokaji wa stollen, mkate mzito wa matunda makavu unaoliwa majira ya Krismasi, ambao umeupa sifa mji wa Dresden.

Mwanafunzi anayetaka kuoka mkate huo mwenyewe hana sababu ya kuiogopa siagi kiasi hicho. Kinachomwumiza ni kununua kila kitu kwa mkupuo mmoja mwezi Desemba.

Mwanafunzi anayetoka Afrika Mashariki hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kabla ya kupewa viza. Septemba 2024 kiasi hicho kilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Humo mna pango, bima ya afya, chakula na nauli. Mzazi aliyeziweka fedha hizo ni mwekezaji kama wengine, na ana haki ya kutaka zitumike kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Jina Dresdner Christstollen linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2010. Kwa kila kilo 100 za unga, masharti yake yanataka angalau siagi kilo 50, zabibu kavu kilo 65, maganda ya machungwa na malimau yaliyopikwa kwa sukari kilo 20, na lozi kilo 15. Kwa stollen ya kawaida, kanuni za Ujerumani zinatosheka na siagi kilo 30 na matunda makavu kilo 60.

Kwa nusu kilo ya unga, aina ya Dresden inakula pakiti nzima ya siagi, na gramu 500 za matunda na lozi, sawa na uzito wa unga wenyewe. Aina ya kawaida inahitaji siagi gramu 150 na matunda gramu 300, na lozi si lazima. Hata kwa bei ile ya Oktoba 2024, siagi inayookolewa ni ya senti 96 tu. Akiba kubwa zaidi iko kwenye gramu 200 za matunda na lozi zinazoachwa.

Bidhaa hizo kavu haziozi upesi. Anayenunua pakiti moja Septemba na nyingine Oktoba hausikii uzito wake. Wanafunzi watatu wakichanga, wanaweza kununua pakiti kubwa na kuwasha jiko mara moja kwa mikate yote. Zabibu zinaweza kulowekwa kwenye maji ya machungwa badala ya pombe ya ramu.

Stollen pia humpa mwokaji nafasi. Ikishapakwa siagi iliyoyeyushwa, ikafunikwa kwa sukari ya unga na kufungwa vizuri mahali pa baridi, hukaa wiki kadhaa na ladha yake huongezeka. Kwa hiyo wa kuoka aoke Novemba.

Wapo watakaosema kwamba mkate wa kiwandani ni nafuu zaidi. Mara nyingi ni kweli, kwa kuwa kiwanda hununua kwa tani. Mwanafunzi anayetaka kula tu, bora anunue dukani. Kuoka kunalipa pale mikate midogo miwili au mitatu inapochukua nafasi ya zawadi ambazo angelazimika kuwanunulia wenyeji wake na rafiki zake.

Tangu mwaka 1491, Papa Innocent VIII alipowaruhusu watu wa Saksonia kutumia siagi wakati wa mfungo kwa masharti ya malipo, mkate huu umekuwa na gharama zake. Mwenye mfuko mdogo hawezi kuipangia siagi bei. Siku ya kwenda sokoni anaweza kuipanga.