Nilisema michezo ya kadi imekufa Kenya. Nilidanganya

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo nataka kurudisha maneno yangu.

Miezi kadhaa iliyopita niliweka vidio ya dakika mbili hivi. Nilikuwa Nairobi, kwa ukumbi mmoja wa mashindano ya kadi yaliyotangazwa kuwa ya kitaifa. Kadi hizi si karata za kawaida, ni zile za kukusanya, kubadilishana na kuchezea: Magic: The Gathering, Pokémon, Yu-Gi-Oh! na ndugu zao. Nikageuza kamera, nikahesabu vichwa kwa sauti. Kumi na tisa. Nikasema, "Nchi ya watu milioni hamsini, na hawa ndio wamekuja. Hii kitu imekufa, tuizike twende nyumbani."

Watu zaidi ya 9,000 wakaitazama. Mimi ambaye vidio zangu huonwa na watu mia nne, nikijumlisha binamu zangu, niliona hiyo ni Krismasi.

Shida ni kwamba nilihesabu vizuri lakini nikasema uongo. Vichwa vilikuwa kumi na tisa kweli. Uongo ulikuwa kwa ile sentensi iliyofuata.

Wacha niwaonyeshe kitu ambacho kamera haikuona. Mimi ni wa Keumbu, hapa kwa barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, pale matatu zikisimama mnaona mikungu ya ndizi hadi macho yanachoka. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni kama kilomita 300, kupitia Sotik, Bomet na Narok. Nilitumia 1,300 kwenda na 1,300 kurudi. Weka kiingilio, weka chakula, weka mahali pa kulala kwa sababu mashindano yalianza saa tatu asubuhi. Nilimaliza karibu 5,000 kabla hata sijachanganya kadi. Na nilikuwa nimeenda na deki ya kuazima.

Deki ndiyo hesabu ya pili. Magic na Pokémon zinataka kadi 60, Yu-Gi-Oh! kuanzia 40. Zile za wanaoanza ni za bei ya kawaida. Lakini deki kali ya Magic, ya mfumo wa Modern, inaweza kula dola mia kadhaa. Chukua dola 300 pekee, kwa shilingi 130 hivi kila dola, hiyo ni 39,000. Mtu wa boda hapa Keumbu akiwa na 39,000 ananunua ng'ombe, hanunui karatasi yenye picha ya joka.

Kwa hivyo wale kumi na tisa hawakuwa wapenzi wote wa kadi nchini. Walikuwa wale wanaoishi karibu na ukumbi, wenye pesa ya deki, wasio na kazi Jumamosi, na waliopata habari mapema. Nilipima nauli nikadhani nimepima mapenzi.

Na mapenzi yapo, aki yapo. Nenda stage ya boda yoyote saa nane mchana, wakati wateja wamepungua. Utapata duara, katikati kuna kiti cha plastiki kimegeuzwa meza, na watu wanacheza poka. Hii yetu ya Kenya, si ile ya sinema za Marekani. Mbili na tatu zinakulisha, joka inakulisha hadi ushibe, jeki inamruka jirani, kingi inarudisha mchezo nyuma, na ole wako usahau kusema "niko kadi" kabla ya kumaliza. Hakuna kampuni ilikuja kutufundisha. Sheria zinabadilika ukivuka mto, na watu wanabishana kuhusu sheria kama mawakili wa Milimani. Watu kama hao mtasema hawapendi kadi?

Baada ya kutoka chuo (karo ilikataa, mimi pia nikakata tamaa, hiyo ni hadithi ya siku nyingine) nilianzisha meza ya Jumamosi hapa Keumbu. Nilikuwa na deki nne za Pokémon, mbili zangu, mbili za rafiki aliyeenda Qatar kufanya kazi akaniachia. Nikanunua daftari la shilingi 30 nikawa naandika nani amekuja. Sikuwa na mpango wa kufanya utafiti. Nilitaka tu kujua nani amerudisha kadi na nani ameweka mfukoni.

Lile daftari limenifundisha kuliko mihula yangu mitatu ya chuo.

Jumamosi ya kwanza walikuja 11. Ya pili 8. Ya tatu 5. Nikasema basi, imekufa. Kisha nikaangalia majina: karibu wote walioacha kuja ni wale waliopigwa mchezo wa kwanza. Nilikuwa nachezesha mtoano, ukishindwa unaenda nyumbani. Fikiria umetembea kutoka kilimani, umecheza dakika kumi, umetolewa, umekaa masaa matatu ukitazama wengine. Ungerudi? Mimi singerudi.

Nikabadilisha. Nikachukua mfumo wa Uswisi, ule uliotumika kwanza kwa chesi kule Zürich mwaka 1895 na ambao mashindano makubwa ya kadi duniani yanautumia hadi leo. Hakuna kutolewa. Kila raundi unacheza na mtu mwenye pointi karibu na zako. Watu 16, raundi nne, mshindi anajulikana. Ukipoteza unakutana na mwenzako aliyepoteza, na mara nyingi unaenda nyumbani umeshinda hata mara moja. Wiki iliyofuata walikuwa 9, halafu 14.

Daftari likanifundisha pia kalenda. Desemba tulifika 26, watu wakakaa hadi kwa kreti za soda. Januari wakawa 7. Hakuna kitu kilikufa Januari, shule zilifunguliwa tu. Aprili wakarudi, Agosti wakarudi. Oktoba, wakati bonas ya majani chai imeingia kwa mabomba ya wazazi, watoto wanakuja na mia ya kiingilio bila kuulizwa. Sasa niambie, mtu akija Keumbu Jumamosi moja ya Februari na kamera yake, ahesabu saba, aseme mchezo umekufa, si tungemfukuza na mikungu ya ndizi? Na hicho ndicho kitu mimi nilifanyia watu wa Nairobi.

Kuna wale wa kuniambia, bro, hata huko ng'ambo watu wamepungua, kila mtu anacheza kwa simu. Haya, tuangalie.

Mwaka 2012, mashindano ya Yu-Gi-Oh! kule Long Beach, Marekani, yalikusanya wachezaji 4,364, na ikawa rekodi ya dunia ya Guinness. Mwaka 2015, mashindano ya Magic kule Las Vegas yalipita watu 7,000 wikendi moja. Halafu 2020 korona ikafunga kila kitu. Mashindano ya dunia ya Pokémon yaliyokuwa yafanyike London mwaka huo yalisukumwa hadi 2022. Katikati hapo kadi zikawa moto: mwaka 2021 duka la Target huko Marekani lilisimamisha kuuza kadi za Pokémon ndani ya maduka yake kwa muda kwa sababu watu walikuwa wanapigania. Tazama hiyo kwa makini. Kumbi zimefungwa, meza tupu, na bado watu wanapigania kadi. Ungehesabu vichwa kwa ukumbi ungepata sifuri.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa mashindano ya kitaifa ya Magic yenyewe. Yalikuwepo miaka mingi, nchi baada ya nchi. Baada ya 2011 kampuni ikayaondoa kwa mpango wake. Yakarudi 2017. Kati ya hiyo miaka watu hawakuacha kupenda Magic, ni ile ngazi ya kwenda juu ndiyo ilibadilishwa. Mtu wa mji mdogo anacheza kwa duka la mtaani kwa sababu anajua duka linampeleka kwa mkoa, mkoa unampeleka kwa taifa, taifa linampeleka duniani. Ukitoa kidato kimoja, usishangae wa chini hawafiki juu.

Sisi huku hatujatolewa kidato. Sisi tuna paa bila ngazi. Tunaweka "kitaifa" kwa bango, tunakaa Nairobi, tunangoja taifa lije. Halafu likikosa kuja, kijana fulani mwenye simu anasema limekufa.

Sasa nije kwa ile inayonikosesha usingizi.

Hapa Keumbu kuna mama mmoja ana chumba nyuma ya duka lake. Nilikuwa nimembembeleza wiki tatu anikodishie kila Jumamosi kwa mia mbili, kwa sababu mvua ya jioni ya Kisii haijui kadi ni karatasi. Alikuwa amekubali. Siku ya kulipa akaniambia, "Kijana wangu, mtoto wangu amenionyesha vidio yako. Wewe mwenyewe umesema hii kitu imekufa. Mimi nitapea aje chumba kwa kitu imekufa?"

Sikuwa na jibu. Nikasema "sawa mama" nikatoka na mia mbili yangu.

Kuna pia msichana mmoja wa kidato cha tatu, mchezaji mkali kuliko sisi wote, yule anahesabu kadi zilizobaki kwa deki yako kabla wewe mwenyewe hujahesabu. Nyumbani kwao walikuwa wanashuku hii ni kamari. Nilikuwa nimewaendea, nikaketi, nikapewa chai, nikaeleza kwamba hakuna pesa inawekwa mezani, kwamba kuna hesabu na kusoma Kiingereza kirefu ndani yake. Wakalegea. Vidio ikafika kwa simu ya mjomba. Mjomba akasema, hata mwenye mchezo ameuzika, wewe unaenda kufanya nini huko? Hajaja Jumamosi sita sasa.

Hata nyumbani. Mama yangu, ambaye kwa Ekegusii tunamwita "baba" (nyinyi wa Nairobi msichanganyikiwe, baba mzazi ni "tata"), aliniuliza swali moja tu akipanga ndizi zake: "Kwa hiyo uliacha chuo kwa ajili ya kitu ambacho kimekufa?" Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Watu 9,000 walinipa siku mbili za furaha. Zimenigharimu chumba, na mchezaji wangu bora.

Najua kuna watakaosema nawalaumu waandalizi sasa ili nijitakase. Hapana. Wale wa Nairobi wanatoa pesa mfukoni, wanabeba meza, wanakodisha ukumbi wa bei ya jiji, na hawarudishi hata nusu. Kusema "leteni Kisii" ni rahisi kwa mtu ambaye halipi. Na kweli, ukiangalia kwa mfuko wao, Nairobi ndipo watu kumi na tisa wanapatikana.

Ndiyo maana siombi walete taifa Keumbu. Naomba vitu vidogo.

Kwanza, wacheni miji iwe na mchujo wake: Kisii, Kisumu, Eldoret, Nakuru, Mombasa. Sisi tutatafuta chumba, sisi tutachezesha. Mshindi mmoja kutoka kila mji apewe nafasi bila kiingilio Nairobi, na tuchange nauli yake. Mtu mmoja aliyechangiwa nauli na wenzake 20 hafiki pale kama kichwa kimoja, anafika na 20 nyuma yake wakifuata matokeo kwa simu.

Pili, pangeni siku kwa likizo. Aprili, Agosti, Desemba. Si Februari, tafadhali.

Tatu, kwa mashindano yasiyo rasmi ya kampuni, ruhusuni kadi za kuchapisha. Najua mashindano rasmi hayakubali, na hiyo ni haki yao, wao ndio wenye kadi. Lakini kwa mchujo wa mtaani, mwacheni mtoto ashinde kwa akili, pesa itafuata baadaye ama isifuate.

Nne, wekeni hesabu wazi. Sio ya siku moja. Mwaka mzima, kila meza, kila mji. Mkiwa na daftari, hakuna mtu kama mimi atakuja na simu yake kuwaandikia tanzia.

Na mimi? Ile vidio sitaifuta. Kuifuta ni kujificha. Nimeweka hii juu yake ili anayeiona aione na hii. Jumapili nitaenda kwa kina yule msichana bila kamera, nitakaa, nitakunywa chai, nitamwambia mjomba kwamba nilisema kitu nisichokijua. Halafu nitarudi kwa mama wa chumba na mia nne, ya wiki mbili, mkononi.

Jumamosi saa nane tuko nje ya duka, chini ya mabati, mvua ikipenda. Wiki iliyopita tulikuwa 12. Ukija tutakuandika. Ukipigwa raundi ya kwanza, keti hapo hapo, kuna tatu zingine.

Niko kadi.