Aliyepokea kiingilio atuletee hesabu ya watu

Mitumbwi ya dagaa inapotoka Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, jioni, mwezi ukiwa gizani, wanaobaki ufukweni wanajua imetoka mingapi na nani yumo katika upi. Alfajiri taa zinaporudi, macho huhesabu kwanza, dagaa hushushwa baadaye. Ukikosekana mtumbwi mmoja, asubuhi hiyo haina biashara.

Tahariri hii inahusu baiskeli. Tumeanza na mitumbwi kwa sababu kosa tunalolihukumu leo ni moja: kuwatoza watu kiingilio, kuwatuma barabarani, kisha kutojua nani amerudi.

Mbio za baiskeli za ridhaa zina mizizi mirefu Kanda ya Ziwa, na huku magharibi, ambako baiskeli ndiyo lori la mkulima na la muuza migebuka, sherehe yoyote ya Nane Nane au uzinduzi wa mradi inaweza kuzaa mbio. Hilo tunalifurahia. Kijana aliyezoea kupandisha kilima na gunia la mkaa kwenye keria ana mapafu na miguu ambayo mataifa mengine huitafuta kwa fedha nyingi. Lakini zungumza na vijana hao siku ya pili baada ya mbio. Utasikia habari ya zawadi iliyotangazwa kwenye kipaza sauti na kupungua ilipofika mkononi, ya kilomita ambazo hakuna aliyezipima, ya njia panda isiyo na mtu wa kuelekeza. Wanawake watakuambia kwamba umbali wao ulipangwa palepale, dakika chache kabla ya kuanza. Malalamiko haya yamezoeleka hadi waandaaji wameyafanya sehemu ya sherehe, kama hotuba na ngoma.

Mwandishi wa tahariri hii aliyaona mambo hayo kwa macho yake miaka kadhaa iliyopita, katika mbio za wilaya moja ambayo hatutaitaja wala kumtaja mwandaaji wake. Waendeshaji waliambiwa wafike saa kumi na mbili asubuhi, wakafika. Wengine walikuwa wametoka vijijini usiku, wakiendesha baiskeli zilezile za kushindania. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita, mgeni rasmi hajaonekana. Katoni za maji zilizoletwa kwa ajili ya njiani zikaanza kufunguliwa na waliokaa chini ya turubai. Filimbi ilipulizwa saa nne na robo, baada ya hotuba, jua likiwa limeshakaza. Namba zilikuwa zimeandikwa kwa maka peni kwenye vipande vya boksi na kubanwa mgongoni kwa pini. Namba 27 walipewa watu wawili. Walipoonyeshana wakacheka, na mgawaji naye akacheka, akasema watajuana wenyewe mbele ya safari.

Jina la mtu hata mmoja halikuandikwa. Aliyekuwa na fedha mkononi alipewa namba.

Yaliyofuata yalikuwa matunda ya asubuhi hiyo. Pikapu za viongozi zilipita katikati ya waendeshaji zikiwaachia vumbi la kufunika mtu na baiskeli yake. Kwenye njia panda hapakuwa na mtu wala bendera, na kundi la mbele likashika njia ya kushoto. Lilikwenda mpaka kijiji ambacho akina mama waliokuwa wakitwanga waliwaambia kuwa mbio hazikupita pale tangu asubuhi. Waliokuwa nyuma, kwa kuwa mmoja wao alikuwa mwenyeji, walikwenda kulia na kufika kwanza. Ubishi wa zawadi ukachukua saa nzima. Walioongoza walidai wao ndio wenye kasi, waliofika walidai wao ndio walioendesha njia yenyewe, na wote walikuwa na haki. Mwamuzi alikuwa mtu wa kipaza sauti. Hatimaye mgeni rasmi alitoa bahasha kwa watatu waliokuwa karibu naye, akaondoka kuwahi shughuli nyingine.

Jua lilipokuwa linazama, viti vikipakiwa kwenye gari na mtu wa muziki akikunja nyaya zake, alitokea kijana akisukuma baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama sahani iliyokanyagwa, spoku tatu zimekatika, na alikuwa amelifunga kwa tyubu kuukuu ili lisiguse uma. Goti lake lilikuwa limechubuka, damu imeganda pamoja na vumbi. Alisimama pale mstari wa chokaa ulipokuwa, ingawa miguu ya watu ilikwishaufuta. Yule wa nyaya akamwangalia, akamuuliza, "Wewe umetoka wapi?"

Kijana akajibu, "Mimi ni wa mbio."

Hakuna aliyekuwa akimsubiri, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hayupo. Alianguka kwenye mteremko, akakaa chini ya mti mpaka kichwa kikatulia, akatembea. Angevunjika mguu, angelala pale. Angekuwa na bahati mbaya zaidi, angeokotwa na wapita njia siku iliyofuata, na mwandaaji angesikia habari hiyo kama anavyosikia habari za watu wengine.

Tumewahi kusikia utetezi wa waandaaji, na tumeupima. Wanasema hizi ni mbio za ridhaa tu, si za kulipwa, watu wajitolee na kuvumilia. Neno hilo wanalitumia vibaya. Ridhaa ni ya mwendeshaji. Yeye ndiye aliyeridhia kutoa jasho lake bila mshahara, na hakuridhia kuachwa porini. Mwandaaji aliyepokea fedha, aliyechukua mchango wa wafadhili na kupigwa picha na mgeni rasmi, hana ridhaa ya kujificha nyuma yake. Amepokea dhamana, na dhamana ina hesabu.

Wanasema pia kwamba mchezo ni mchanga na makosa ni ya kujifunzia. Sawa, tuwaangalie waliojifunza. Mbio za Tour de France zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti, L'Auto, lililotaka kuuza nakala zaidi. Walitoka washindani 60, wakamaliza 21. Mwaka uliofuata mambo yakaharibika: misumari ilimwagwa barabarani, mashabiki waliwavizia gizani wapinzani wa watu wao na kuwapiga, na wengine walituhumiwa kupanda treni. Chama cha baiskeli cha Ufaransa kilichunguza, na kabla mwaka 1904 haujaisha kikawafuta wanne wa kwanza wote, akiwemo mshindi Maurice Garin. Ushindi akapewa Henri Cornet, kijana wa miaka 19 aliyekuwa wa tano. Mkuu wa gazeti hilo, Henri Desgrange, alikiri katika kurasa zake mwenyewe kwamba mbio hizo zimekufa. Zilirudi mwaka 1905 kwa sababu zilibadilishwa: hatua zikawa 11 badala ya 6, zikafupishwa ili watu wasiendeshe usiku kucha. Kulikuwa na chombo kilichoweza kumwambia mwandaaji kuwa matokeo yake hayakubaliki, na mwandaaji akasikia. Huku kwetu ni nani amewahi kufuta matokeo ya mbio za wilaya?

Hata walio na magari, redio na helikopta hesabu huwaponyoka, na msiba unapotokea huwa mzito. Septemba 2024, katika mashindano ya dunia huko Zürich, binti wa Uswisi wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka kwenye mteremko wa msituni wakati wa mvua. Ulipita muda mrefu kabla ya kuonekana, na siku iliyofuata akafariki. Tangu hapo wakubwa wa mchezo huo duniani wamekuwa wakijaribu vifaa vya kumfuatilia kila mwendeshaji mahali alipo. Sisi hatudai vifaa hivyo hapa mkoani Katavi. Tunadai daftari.

Na asituambie mtu kwamba Afrika haiwezi. Rwanda, majirani zetu, wana Tour du Rwanda tangu 1988. Waliilea taratibu, kosa baada ya kosa, mpaka Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara hili. Hawakuanza na mabilioni, walianza na barabara zenye vilima na watu waliokubali kuandika nani ametoka na nani amefika.

Sasa tuitazame barabara ya Mpanda hadi Karema, kwa kuwa ndiyo inayotutia hofu. Mwandaaji yeyote mwenye macho ataitamani. Mpanda iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100, milima na misitu ya miombo, ikiishia kwenye maji ya buluu na bandari iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 47 na kukamilika mwaka 2022, ikiitazama Kongo ng'ambo. Mstari wa kumalizia kwenye gati, na milima ya Kongo ikionekana anga linapotakata! Picha yake ingekwenda mbali. Lakini picha hiyo ina vijiji vilivyoachana, mitandao ya simu inayopotea, miteremko ya changarawe ambapo baiskeli yenye breki za nyaya zilizochakaa haisimami, na saa nyingi kati ya aliyeanguka na daktari wa upasuaji Mpanda. Barabara ya namna hii ikikabidhiwa kwa mtu wa namba za boksi, tutazika mtoto wa mtu.

Tena iwe Karema! Huko ndiko Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomea utabibu Malta, alifika mwaka 1889 na kuwatibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya nusu karne alishughulika na mgonjwa mmoja mmoja. Ni aibu kupanga mbio zinazomalizikia kwenye makazi ya mtu huyo huku sanduku la huduma ya kwanza likiwa limesahauliwa Mpanda.

Hukumu yetu haina maneno mengi. Mwandaaji wa aina tuliyoieleza hafai kupewa mbio nyingine, awe na wafadhili wakubwa kiasi gani. Waliotoa kibali bila kuuliza chochote nao wana sehemu yao katika kosa. Baraza la Michezo la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, chama cha mchezo huu, CHABATA, kipo, halmashauri zina maofisa michezo, na Polisi wana kikosi cha usalama barabarani. Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kusema hapana siku ya Jumatano, ili Jumamosi isiwe ya kilio.

Tunachokitaka si kigumu. Majina yaandikwe kwenye daftari siku moja kabla, pamoja na namba ya simu ya ndugu, na kila namba iwe ya mtu mmoja. Njia ipimwe na kuendeshwa na mwandaaji mwenyewe, si kwa gari tu. Kwenye kila njia panda asimame mtu mwenye bendera, naye asiondoke mpaka gari la mwisho limpitie, gari lenye mhudumu wa afya, na nafasi ya kupakia baiskeli mbovu na mwenye nayo. Helmeti ivaliwe na kila anayeendesha. Wanaolipwa duniani walilazimishwa mwaka 2003, baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kufa kwa kuanguka katika mbio za Paris–Nice. Asiye na uwezo wa kuinunua, mwandaaji amkodishie au amrudishie kiingilio chake. Maji ni ya waendeshaji. Zawadi ziwe mkononi mwa ofisa michezo kabla ya filimbi, kiasi kilekile kilichotangazwa. Na filimbi ipulizwe saa iliyoandikwa. Mgeni rasmi akichelewa, atawakuta kwenye mstari wa kumalizia, ambako atakuwa na kazi ya maana zaidi.

Kwa waendeshaji nao tuna neno, na tunalisema kwa upendo. Mmevumilia mno. Unapopewa namba bila kuandikwa jina, usiibandike. Ukiona wenzako kumi wamepewa namba bila majina, shukeni kwenye baiskeli nyote, mkae chini mpaka daftari liletwe. Hakuna mbio bila ninyi, na hata mwandaaji mzembe analijua hilo.

Ofisa michezo wa Wilaya ya Tanganyika, na wenzako wa Mpanda, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe: ombi la kibali litakapowekwa mezani kwenu, msiulize kwanza mgeni rasmi ni nani. Ulizeni daftari liko wapi. Na usiku wa siku ya mbio, kabla hamjalala, liombeni tena, mhesabu waliotoka na waliorudi. Likipungua jina moja, amsheni polisi na muwashe magari.