Wafutaji wa Alama

Wapo watu wanaoamini kwamba uovu unaweza kuondolewa duniani kwa kufuta michoro. Nia yao ni njema, sikatai. Lakini nasema wazi kwamba wanawaumiza wasio na hatia, na wenye hatia wanabaki wakitamba.

Chukua swastika. Jina lenyewe ni la Kisanskriti na maana yake ni heri. Wahindu, Wabudha na Wajaini waliitumia kwa karne nyingi kabla chama cha Nazi hakijaiweka kwenye bendera yake mwaka 1920. Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda kuisoma vitabuni. Nimekulia mtaa wenye maduka mengi ya Wagujarati, na kila Diwali ilipofika nilimwona mzee wa duka la jirani akifungua daftari jipya la hesabu na kuichora alama hiyo kwa rangi nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza, kabla hajaandika hata senti moja. Alikuwa akiomba baraka. (Sisi watoto tulikuwa tukingoja peremende.) Leo nimwambie nini mjukuu wake aliyehamia Ulaya? Kwamba babu yake alikuwa Nazi?

Desemba 2003 kampuni ya Microsoft iligundua kwamba fonti mojawapo ya programu zake ina swastika. Ikaomba radhi, ikatoa na kifaa cha kuifuta. Fonti yenyewe ilitokana na herufi za Kijapani, na huko Japani alama hiyo huonyesha hekalu la Kibudha kwenye ramani! Ujerumani nako walifika mbali zaidi: mwaka 2006 mahakama mjini Stuttgart ilimtoza faini mfanyabiashara aliyeuza vitu vyenye swastika iliyopigwa mstari, yaani vitu vya kuwapinga hao hao Nazi. Ilibidi mahakama ya juu ya shirikisho iitengue hukumu hiyo Machi 2007.

Hata hivyo, ndugu msomaji, simtetei yule mjanja anayejificha nyuma ya sari ya Mhindu. Nazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, na aliyepoteza wazazi wake Auschwitz ana haki ya kushtuka aionapo alama ile. Anayeipaka usiku kwenye ukuta wa sinagogi anajua anasema nini, nasi tunajua. Huyo ashtakiwe.

Wengine hudai kwamba dawa ni kutazama umbo: ya Nazi imeinama, ya Wahindu imesimama wima. La hasha. Nazi nao waliichora ikiwa wima mara nyingine, na mpiga rangi wa usiku habebi rula.

Jimbo la Victoria, Australia, lilitunga sheria mwaka 2022 inayokataza kuonyesha alama za Nazi hadharani, lakini ikawaachia Wahindu, Wabudha na Wajaini swastika yao. Kwa sheria kama hiyo askari hawezi kuona mistari tu akakamata. Hana budi kuuliza ni nani amechora, wapi, na kwa ajili ya macho ya nani. Wafutaji wanalalamika kwamba maswali hayo yanachukua muda mrefu. Na yachukue. Kufuta bila kuuliza ni uvivu wa mwenye madaraka, na gharama yake inalipwa na mtu mwenye daftari lake la hesabu.