Mpira haufungi kizazi

Jamani, hili nimechoka kulisikia. Hapa Pemba msichana akitaka kucheza mpira anaambiwa kizazi kitafunga. Mbona wakulima wa mwani hatuwaambii hivyo? Tangu kilimo hicho kiingie Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi wanaokifanya ni wanawake. Maji yakitoka wanainama saa kadhaa, kisha wanabeba mapolo ya mwani mbichi. Na wanazaa! Yaani jasho la pwani halidhuru, ila la uwanja wa Gombani ndiyo sumu?

Sikatai, anayefanya mazoezi makali mno huku hali chakula cha kutosha, hedhi yake inaweza kusimama. Akila na kupumzika, kwa kawaida hurudi. Mazoezi ya kiasi hayana kosa hilo, na mwenye uzito uliozidi yanaweza hata kumsaidia kushika mimba.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema takriban mtu 1 kati ya 6 hupatwa na ugumba maishani, wanaume kwa wanawake. Basi tusisingizie mpira. Mtoto akichelewa, waende hospitali wote wawili, na bwana naye apimwe.