Kulivika Bomba la Moshi la Pikipiki ya Zamani

Ndugu msomaji, katika mji wa Mpanda, uliokuzwa na mgodi wa madini ya risasi na reli itokayo Kaliua, na ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, pikipiki ya zamani si pambo. Huenda ikawa Honda CG125, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1976. Baba huenda nayo kazini, mama hupelekwa nayo sokoni, na mtoto hupakiwa nyuma kwenda shule.

Wapo wenye pikipiki za namna hiyo wanaopenda kulifunga bomba la moshi kwa utepe wa nyuzi za kioo, kuanzia kwenye injini hadi penye silensa. Utepe huo huzuia joto lisimpige dereva mguuni, na huficha bomba lililobadilika rangi. Nguvu ya injini ndogo kama hiyo haiongezeki kwa kiasi cha kuhisiwa; anayeuza utepe kwa ahadi hiyo asisadikiwe.

Kazi yenyewe yaweza kufanyika nyumbani. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua nati na ulitoe bomba. Lisugue kwa msasa mpaka kutu yote itoke, kisha lipake rangi inayostahimili joto kali. Vaa glovu, mikono mirefu na kitambaa puani, kwa maana nyuzi za kioo huwasha ngozi na hudhuru kifua. Watoto wakae mbali. Loweka utepe katika maji ili nyuzi zisiruke na utepe ukaze vizuri. Anza kufunga upande wa chini na kupanda juu, kama vile waezekaji wa nyasi waanzavyo chini ya paa, ili maji yateremke bila kupenya. Kila mzunguko ufunike ule uliotangulia kwa milimita 6 hivi. Mwisho, kaza ncha zote mbili kwa vifungo vya chuma kisichoshika kutu, na uweke gasketi mpya unaporudisha bomba.

Injini ikiwashwa mara ya kwanza, utepe utatoa moshi kwa muda. Washa uwanjani, kamwe si chumbani, kwa kuwa moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Jambo jingine la kuangaliwa ni maji. Katika masika ya Katavi utepe hunywa maji na matope, na bomba huoza chini yake bila kuonekana. Baada ya kupita katika maji, endesha mpaka utepe ukauke. Na kila mwaka mvua zikiisha, ufungue na ulikague bomba.

Usikubali kamwe kutumia kamba ya asbesto iliyobaki katika karakana kuukuu. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka mingi.

Lakini, ndugu msomaji, lililo kubwa kuliko yote ni hili: utepe huo haumkingi mtoto aliyepakiwa nyuma. Mguu wake hauko karibu na injini. Uko karibu na silensa, ambayo haikufungwa. Ngozi huungua kwa sekunde chache ikiguswa na maji ya nyuzi joto 60, na silensa iliyotoka safarini yaweza kuwa na joto zaidi ya hilo. Kwa hiyo, kabla ya kununua utepe, mpe fundi kazi ya kufunga bati la kinga lenye matundu juu ya silensa, lililoachana nayo kidogo ili hewa ipite. Tena mfundishe mtoto kupanda na kushuka upande wa kushoto, maana bomba la CG125 liko kulia.

Akiungua, mwagie maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala unga. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Na ikiwa malengelenge ni makubwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Bati hilo halitaipendezesha pikipiki kama utepe, lakini ndilo la kutangulizwa.