Tairi Ambayo Fundi wa Rodi Ataiweza

Barua ya wiki hii imetoka kwa mama anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Binti yake anasoma katika Chuo Kikuu cha Rongo, kaunti ya Migori, na nyumbani kwao ni upande wa Ndhiwa, kaunti jirani ya Homa Bay. Mama alijinyima, akamnunulia baiskeli ya mitumba, ile ya mashindano yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, ili awe akienda nyumbani mwisho wa wiki bila kulipa nauli. Anasema kufikia sasa binti ameibeba baiskeli zaidi ya ilivyombeba yeye. Pancha tatu katika mwezi mmoja, na ya mwisho ilimpata giza likiingia, akaisukuma peke yake mpaka senta iliyo karibu. Mama anauliza anunue tairi gani itakayodumu, na kama kuna tairi ambazo msichana anaweza kuzibadilisha mwenyewe bila kumtafuta mtu.

Jibu ninalo, lakini nitaanza na barabara zenyewe, kwa sababu duka la Nairobi halizijui.

Barabara kuu itokayo Kisii kupitia Rongo, Awendo na Migori hadi mpakani Isebania ina lami. Vivyo hivyo ile ya Rongo kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay mjini. Mtu akisikia lami hudhani mambo ni mteremko. Ukweli ni kwamba mwendesha baiskeli haendeshi katikati ya lami. Malori yaendayo Tanzania na matrekta ya miwa ya Awendo humsukuma pembeni, na pembeni ndiko kunakolala uchafu wote: changarawe, vioo, na zile nyaya nyembamba kama unywele zinazobaki tairi ya lori ikipasuka. Waya wa namna hiyo huingia polepole, ukatoboa tyubu siku mbili baadaye ukiwa umeshasahau ulikopita. Ukiacha lami ukaingia vijijini, kuna mawe yenye ncha, kuna miiba ya migunga, hasa kuelekea bonde la Lambwe, na kuna mbigili. Mbigili ni mmea mdogo unaotambaa, lakini tunda lake, vyovyote liangukavyo, lina mwiba unaotazama juu.

Wazee wa bodaboda za baiskeli waliyajua haya yote. Kazi hiyo ilianzia Busia katika miaka ya 1960, watu wakivushwa kutoka mpaka hadi mpaka, na baadaye ikaenea Nyanza nzima kabla ya pikipiki kuinyakua. Chombo chao kilikuwa ile baiskeli nyeusi tunayoiita Black Mamba, yenye tairi zilizoandikwa 28 x 1½. Ni tairi nzito, ya kiasi cha milimita 40 kwa upana, na haina haraka. Ilibeba abiria, gunia la mahindi au kreti za soda, na ikitoboka ilivuliwa kwa mpini wa kijiko. Hawakuichagua kwa ushamba. Waliokula kwa baiskeli walijua hasara ya kusimama njiani.

Kwa hiyo, mama, tairi nzuri kwa binti yako ni ile inayokaa sawasawa kwenye rimu yake, yenye upana wa kutosha, na ambayo fundi yeyote aliye chini ya mti pale Rodi Kopany anaweza kuivua, akaziba na kuirudisha kabla chai haijapoa. Isiyotoboka kamwe bado haijazaliwa. Na fundi asipokuwepo, iwe ni ile ambayo vidole vya binti vitaiweza.

Hapo kwenye kukaa sawasawa ndipo watu wanapoumia. Namba za tairi ni za kupotosha. Baiskeli nyingi za mashindano zinazokuja na mitumba zina magurudumu yanayoitwa 700C. Muuzaji akiyatazama kwa macho huona ni makubwa kama ya Black Mamba, akamuuzia mtu tairi ya 28. Lakini pale tairi inapokalia rimu, 700C ina kipenyo cha milimita 622, na 28 x 1½ ina milimita 635. Tofauti ya milimita 13 haionekani dukani. Tairi hiyo itaingia kwa urahisi mno, nawe utamsifu fundi. Kisha ijazwe upepo vizuri, msichana aanze kushuka kuelekea ziwani, na tairi iruke kutoka kwenye rimu akiwa katika kasi. Tena kuna baiskeli kuukuu za mashindano zilizoandikwa 27 x 1¼, ambazo kipenyo chake ni 630, na hizo nazo haziingiliani na 700C. Kwenye zile za inchi 26 mkorogo ni uleule: 26 x 1⅜ ina 590, na ile ya mlimani, 26 x 2.125, ina 559.

Basi usiamini jina. Tafuta ubavuni mwa tairi namba ndogo yenye kistari katikati, mathalani 32-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo. Mwambie binti aisome namba hiyo kwenye tairi iliyopo sasa na akuandikie kwa simu kabla hujatoa hata shilingi. Namba ya pili lazima ilingane kabisa. Ya kwanza ndiyo ya kuongeza.

Nasema ya kuongeza kwa sababu nina hakika tairi za binti ni za milimita 23 au 25. Nyembamba hivyo zinahitaji upepo mwingi mno, paundi 100 hivi kwa kila inchi ya mraba, na pampu ya mkono ya fundi wa kijijini hupata taabu kufika hapo. Zikiwa na upepo pungufu, gurudumu likigonga jiwe tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, ikatoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiona matundu mawili ya jinsi hiyo usimtafute mwiba. Tafuta pampu. Tairi ya milimita 32 au 35 hutosheka na upepo wa karibu nusu ya huo, na huyameza mawe ambayo ile nyembamba huyapigia kelele.

Vijana watasema tairi pana ni ya mwendo wa kobe. Waambie waangalie mabingwa wenyewe. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alikulia katika enzi ya tairi za milimita 23. Leo wataalamu wameziacha, wanakimbia kwa milimita 28 na zaidi, hata juu ya lami safi kama ile ya Kigali, yalikofanyika mashindano ya dunia mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Ikiwa wao wanaofuatwa na gari lenye magurudumu ya akiba wamepanua, sembuse mwanafunzi anayefuatwa na mbuzi?

Kikwazo ni fremu. Baiskeli ya mashindano hubana. Chungulia nafasi iliyopo kati ya tairi na uma wa mbele, kisha nyuma karibu na breki. Kidole cha shahada kikipita bila kugusa, huenda 32 ikaingia. Kisipopita, mwisho wako ni 28, na baiskeli hiyo ibaki kwenye lami.

Nije kwenye valvu, jambo dogo lililowalaza watu njiani. Baiskeli ya mashindano aghalabu huwa na valvu nyembamba, yenye kijiti cha kufungua kwa kuzungusha. Tyubu zinazouzwa madukani Awendo au Ndhiwa ni zile za valvu nene, ama ya kipira tuliyoizoea, ama ile inayofanana na ya gari. Valvu nene haiingii katika tundu jembamba la rimu. Wapo mafundi wanaolipanua tundu kwa keekee, na kwenye rimu pana hakuna neno, lakini rimu ya mashindano ni nyembamba na siipendi ikiongezwa tundu. Afadhali anunue tyubu mbili za akiba zenye valvu yake huko Nairobi, pamoja na kile kikofia kidogo cha shaba kinachoiwezesha pampu ya kawaida kuikamata valvu nyembamba. Ni kitu cha bei ndogo, na bila hicho pampu zote za Migori ni mapambo tu.

Sasa uimara. Tairi nyingi nzuri za siku hizi zina mkanda wa kinga chini ya mpira wa juu. Mkanda huo huizuia miiba mingi na vioo vingi. Nunua yenye mkanda, lakini uangalie: nyingine ni ngumu kiasi kwamba hata mwanamume mwenye kifua huishia kutokwa jasho na kutusi. Mimi humwambia mtu aivae na kuivua mara moja palepale dukani, au nyumbani sebuleni siku hiyohiyo ya kuinunua. Ikikushinda kwenye zulia, haitakutii gizani penye mvua. Kati ya tairi inayotoboka mara moja kwa mwaka isiyovulika, na ile inayotoboka mara tatu ikavulika kwa dakika kumi, mpe msichana ya pili.

Hata hivyo, ugumu mwingi ni wa kutojua. Rimu ina bonde katikati. Toa upepo wote, kisha zunguka ukiibana tairi kwa vidole ili kingo zake zote mbili zidondokee ndani ya bonde hilo. Hapo unapata nafasi upande wa pili. Anza kuvua mbali na valvu. Wakati wa kuirudisha, anza tena mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, ukiisukuma ndani kidogo ili tyubu isibanwe. Tumia vijiti vya plastiki vya kuvulia tairi, na vikikosekana mpini wa kijiko, kamwe si bisibisi, kwani bisibisi huziba tundu moja na kufungua jingine. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole. Kitanasa pale penye mwiba au waya. Mwiba ukibaki, kazi yote ni bure. Na gundi ikishapakwa iachwe ikauke mpaka isinate kidoleni ndipo kiraka kiwekwe. Haraka ya hapo ndiyo inayofanya viraka vingi vibanduke.

Jambo hili la kuvua kwa urahisi lina historia. Tairi ya upepo tuliyonayo aliitengeneza John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, akaisajili mwaka 1888. Tairi za mwanzo zilibandikwa kwa gundi kwenye gurudumu, na kuziba pancha moja kulikuwa kazi ya saa nyingi pamoja na kungojea gundi ikauke. Ndugu wawili Wafaransa, akina Michelin, wakatengeneza ya kuvulika, na mwaka 1891 Charles Terront akashinda nayo mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi, kilomita zipatazo 1,200. Starehe hiyo ya Ulaya ililipiwa na wengine. Tamaa ya mpira iliyofuata ndiyo iliyowafanya watu wa Kongo ya Mfalme Leopold kusukumwa msituni kugema, na wengine kukatwa mikono.

Utaambiwa pia juu ya tairi zisizo na tyubu, zenye maji mazito yanayoziba tundu yenyewe. Kwa miiba zinafaa kweli. Lakini yale maji hukauka baada ya miezi michache, tena upesi zaidi penye joto, na kuikalisha tairi kwenye rimu mara nyingi hudai upepo wa mashine. Za mpira mtupu zisizo na upepo kabisa nazo zipo. Hizo huhamishia mateso kwenye spoki na mgongoni mwa mwendeshaji. Zote mbili ziache.

Usinunue tairi ya mitumba, mama, hata ikiwa na meno mazima. Ikunje ubavu kidogo: ukiona mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, jua limeshaila. Kwa sababu hiyohiyo baiskeli isiachwe ikianikwa nje ya hosteli mchana kutwa. Tairi ikichanika ubavuni akiwa njiani, binti akate kipande cha tairi kuukuu, akiweke kwa ndani kati ya tairi na tyubu, ajaze upepo kiasi, na hicho kitamfikisha. Mafundi wetu pia hushona ubavu kwa uzi, na nimeona mishono iliyodumu kuliko nilivyotarajia, ila mimi singeiweka gurudumu la mbele.

Mfukoni mwake mtie tyubu moja nzima, vijiti viwili, viraka na gundi, kipande cha msasa, pampu ndogo na tochi. Tyubu nzima ni kwa ajili ya giza: abadilishe, aondoke, kuziba kungoje hosteli. Na kama kidole hakipiti kwenye uma, iuze baiskeli hiyo kwa kijana wa Nairobi anayependa kung'ara, umtafutie binti yenye uma mpana.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia breki, kwani wasomaji wawili wa Kisumu wameniuliza kwa nini zao hulia kama jogoo kila mvua inyeshapo.